Hita ikitoa baridi, uliza maji

Hapa Malindi mtu aweza kukaa na gari miaka kumi asiwahi kugusa swichi ya hita. Joto tunalo la kutosha. Ndiyo sababu ubovu wake hujulikana mtu akiwa mbali na kwao, usiku, kwenye baridi ya bara.

Mwezi wa Julai mama mmoja wa Mambrui, mteja wangu wa siku nyingi, alinipigia akiwa njiani Limuru. "Fundi, hita yapuliza baridi tupu, na watoto watetemeka huku nyuma." Sikumjibu habari ya hita. Nilimuuliza geji ya moto imekaa wapi. Akaniambia imepanda, imepita pale inapokaa siku zote. Nikamwambia, "Mama, egesha sasa hivi, uzime injini, na kifuniko cha rejeta usikiguse mpaka kipoe kabisa."

Hita ya gari haina moto wake. Nyuma ya dashibodi mna kirejeta kidogo. Maji moto ya injini hupita humo kwa paipu mbili, na feni hupuliza hewa juu yake. Basi. Maji yakipungua, hewa huingia mahali pake, na mara nyingi hukusanyika kwenye hicho kirejeta, maana magari mengi yamekiweka juu. Hita hupoa huku injini ikizidi kuchemka. Ikiwa baridi imekuja pamoja na geji kupanda, gari linakuomba maji, na ukiendelea kuendesha utachoma gasketi ya hedi, kile kizibo cha kati ya kichwa cha injini na bloku. Tena usiiamini geji peke yake: maji yakishuka mpaka sensa, kile kipima joto cha geji, ikabaki hewani, mshale waweza kutulia na injini inaungua.

Gari lilipopoa lilimeza karibu lita tatu, na hita ikarudi. Aliporejea nyumbani nilikuta mstari mweupe uliokauka chini ya wota pampu, ile pampu inayozungusha maji ya injini. Ilikuwa ikivuja kidogo kidogo, na huku pwani hakuna aliyeona. Kule Limuru ni zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na maji yaliyo wazi huchemka kwenye digrii 93 hivi. Rejeta iliyofungwa vizuri hustahimili kwa sababu ya presha. Ikivuja, au kifuniko kikilegea, stahamala hiyo haipo tena.

Kuna baridi ya namna nyingine: geji iko chini, haipandi hata baada ya mwendo mrefu. Hapo nashuku themostati. Kazi yake ni kufunga njia ya rejeta mpaka maji yafike digrii 82 au zaidi, kutegemea gari. Ikikwama wazi, maji hupozwa kabla hayajapata moto. Na gereji nyingi za pwani huing'oa kabisa, ati huku ni joto. Mimi mwenyewe niling'oa nyingi nilipokuwa kijana, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa, na nilikosea. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta zaidi na husagika upesi. Themostati ikiharibika nunua nyingine. Si kitu cha bei kubwa.

Maji yakiwa yamejaa na geji iko mahali pake, tumia mikono. Injini ikishapata moto, washa hita mpaka mwisho, kisha zima injini na uguse kwa uangalifu zile paipu mbili zinazoingia ukutani nyuma ya injini. Zote mbili zikiwa moto, maji yanafika. Tatizo ni kile kilango cha ndani ya dashibodi kinachochagua hewa ya moto au baridi. Moja moto na nyingine baridi, ama vali ya maji ya hita imefungwa ama kirejeta kimeziba.

Kuziba huku kwetu ni jambo la kawaida, kwa sababu watu hujaza maji ya kisima. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake ni mazito, yana chumvi, huacha ukoko kama ule ulioganda ndani ya birika la chai. Njia ikiziba namna hiyo, kuizibua huchomoa paipu zote mbili na kupitisha maji kinyumenyume kwa mpira wa bustani, taratibu. Mwanzo hutoka rangi ya chai ya rangi, na vipande vya kutu. Naendelea mpaka yatoke meupe. Kompresa usitumie, utapasua. Na kama zulia la abiria lina unyevu na kioo kinashika ukungu wenye mafuta na harufu tamu, kirejeta kimetoboka, kibadilishe.

Baada ya hapo jaza kulanti, ile dawa ya rejeta, iliyochanganywa na maji safi, halafu toa hewa. Yataka pua ya gari iwe juu. Malindi ni tambarare, kwa hivyo nainua mbele kwa jeki na kuweka stendi. Kifuniko wazi tangu injini ikiwa baridi, hita kwenye moto, iache ingurume. Mapovu yatatoka, themostati ikifunguka maji yatashuka ghafla, nawe uongeze. Mapovu yasipokoma hata baada ya muda mrefu, angalia gasketi ya hedi. Yakikoma, funga, na asubuhi kabla hujawasha fungua boneti upime maji tena.