Je, wajua kwa nini visigino hupasuka hata hapa Mombasa kwenye joto na jasho?

Hili swali lilinijia kwa sababu ya mamangu. Mamangu anauza mahamri na mbaazi pale Majengo, anasimama kwa simiti kutoka alfajiri mpaka saa nne hivi na miguuni ni pata pata tu, sa visigino vyake vilikuwa vimepasuka mpaka ukimshika mguu gizani wadhani umeshika gome la mnazi. Magaga yenyewe hasa. Na mimi nikawa najiuliza, sisi hapa tumezungukwa na bahari, hewa ina maji mpaka wakati wa masika nguo yakaa kambani siku mbili haijakauka, huu ukavu wa miguuni watoka wapi?

Kumbe nyayo hazina mafuta yake zenyewe. Karibu mwili mzima ngozi ina vitezi vidogo vya mafuta, ndio maana ukikaa kwa matatu ya Bamburi saa nane mchana uso wote wang'aa, lakini kwenye nyayo na viganja vya mikono hivo vitezi havipo kabisa, hakuna hata kimoja. Kilichopo ni tezi za jasho, na hizo ni nyingi ajabu, mamia kwa kila sentimita moja ya mraba, ila jasho ni maji na chumvi, likitoka likapigwa na upepo basi limekwenda, halibakishi kitu cha kuilinda ngozi.

Halafu ngozi ya pale ni nene. Lile tabaka la juu kabisa ni seli zilizokufa zimebanana pamoja, kwenye mkono au tumbo ni jembamba kuliko karatasi, kwenye kisigino laweza kupita milimita 1, kwa sababu ndilo linalobeba mwili wote. Na tabaka hilo ni kama makuti, yakiwa mabichi wayakunja na kuyasuka utakavyo, yakikauka ukiyakunja yavunjika. Maji yakishuka chini ya asilimia 10 hivi ngozi hiyo inaacha kunyumbuka, inakuwa ngumu, na kitu kigumu kikivutwa hupasuka.

Kivutwe na nini? Hapa ndipo pata pata inapoingia. Chini ya kisigino kuna kama mto wa mafuta ndani ya mguu, ukikanyaga ule mto unabonyea na kutanuka pembeni, vile donge la unga wa chapati linavyotanuka ukilikandamiza na kiganja. Kiatu cha kufunga kinaushika usitanuke sana, pata pata na makubadhi nyuma ni wazi, kwa hivo kila hatua ngozi ya ukingoni inavutwa, hatua moja, elfu moja, kutwa nzima. Angalia kisigino chochote chenye magaga utaona nyufa ziko pale ukingoni, si katikati ya unyayo, ni kwa sababu hiyo. Mtu mzito na mtu wa kusimama sana ndio huumia zaidi, na hao ndio kina mama wa vibandani, mafundi, vijana wa kusukuma mikokoteni Kongowea.

Naomba niliseme hili wazi kwa sababu lanikera: magaga si uchafu. Nimesikia watu wakimcheka mwanamke kwa harusi ati kavaa nguo ya maelfu na visigino havijaoshwa. Huyo mama huenda anaviosha kuliko wewe, na pengine kule kuosha ndio sehemu ya shida. Maji peke yake hayalainishi ngozi. Ngozi ikilowa inavimba kidogo, inakuwa laini, halafu ikiachwa ikauke yenyewe yale maji yanaondoka, na vile vitu vya asili vinavyoshika maji ndani ya ngozi navyo vinaoshwa kidogo kidogo. Sabuni ya unga ya kufulia ndio mbaya zaidi, ile inayomwagika miguuni ukifua uani. Na mitaa mingi huku twatumia maji ya chumvi ya kisima, sabuni haitoi povu, waongeza sabuni, ngozi ndio inayolipa. Ikija kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, na ule upepo wake, na feni imewashwa usiku kucha imeelekezwa miguuni, ndio kabisa.

Sa dawa. Dawa yenyewe ni rahisi mpaka watu hawaiamini: lowesha, sugua, ziba. Tia miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu dakika 10 mpaka 15, si ya moto. Sugua polepole na jiwe la kusugulia miguu, upande mmoja, usikazane kama wasugua sufuria iliyoungua, ondoa kidogo leo na kidogo keshokutwa, kwa sababu ngozi ukiichokoza sana hujibu kwa kuota sugu nene zaidi. Kausha na taulo kwa kugusa gusa, pia katikati ya vidole, halafu hapo hapo, mguu ungali na unyevu, paka mafuta. Hapo hapo, usiende kwanza kupika ati utarudi. Mafuta kazi yake kubwa ni kufungia yale maji ndani, sa ukipaka mguu mkavu umefungia nini?

Mafuta gani? Vaseline ya kawaida ni nzuri mno, ipo tangu miaka ya 1870 huko Marekani na mpaka leo ni vigumu kupata kitu kinachoziba ngozi kuizidi. Mafuta ya nazi pia yafanya kazi, si mazito kama Vaseline lakini ni bora kuliko losheni nyepesi za maji maji zenye harufu. Kama magaga ni sugu kweli, uliza duka la dawa krimu ya urea. Urea mwili wenyewe unaitengeneza na imo ndani ya ngozi kwa kawaida kushika maji, krimu ya asilimia 10 huvuta maji, ya 20 kwenda juu huanza kuyeyusha ile ngozi ngumu, ila ufa ukiwa wazi yawasha, kwa hivo subiri ufunge kwanza.

Kwa wanaoswali mara tano, nilimpangia mamangu saa, apake baada ya Isha, udhu wa mwisho ushapita, mguu ulale na mafuta mpaka alfajiri. Soksi husaidia sana lakini na joto hili nani atalala na soksi? Tulichofanya tulichukua soksi kuukuu ya pamba tukakata upande wa vidole, ikabaki ya kushika kisigino tu, hewa inapita, shuka haichafuki. Na mchana akanunua ndara zenye mkanda wa nyuma na soli nene, hilo naona ndilo lililosaidia kuliko watu wanavyodhani.

Usitumie wembe. Narudia, usitumie wembe. Mamangu alikuwa akijichonga na wembe kila Ijumaa, siku moja akazidisha akafika kwenye nyama, kesho yake akaenda kazini hivo hivo, baada ya siku tatu mguu umevimba, mwekundu, una moto, ikawa ni sindano na vidonge na wiki mbili kibanda kimefungwa. Ndimu na chumvi juu ya ufa pia sijui nani alituanzishia, ile kuchoma si dawa kuingia, ni kidonda kinalalamika.

Na hina je? Wengi huyaficha magaga kwa hina. Rangi ya hina hushikana na keratini, protini ya lile tabaka la juu, ndio sababu unyayoni hukolea ikawa nyeusi nyeusi wakati hina hiyo hiyo mkononi juu ni ya rangi ya chungwa, tabaka nene lanywa rangi nyingi. Ni pambo zuri na sina neno nalo, lakini halitibu nyufa. Bibi harusi anayetaka miguu laini siku ya kutolewa aanze kulowesha na kupaka mwezi mzima kabla, kusingwa kwa siku chache za mwisho hakuwezi kuondoa kilichojengeka miaka. Piko ndio ya kuogopa, ile iliyochanganywa na rangi nyeusi ya nywele, hiyo yaweza kumtoa mtu malengelenge hata ngozi ikiwa nzima, sembuse iliyopasuka.

Kuna watu ambao yote haya hayawahusu mpaka waone daktari kwanza. Mwenye kisukari ni wa kwanza. Sukari ikikaa juu miaka huharibu neva za miguuni, zile tezi za jasho zinaacha kufanya kazi, mguu unakauka kabisa, na pia maumivu hayasikiki, sa mtu ana ufa unaotoa maji na yeye anatembea tu hana habari, mpaka wajukuu waone alama sakafuni. Mwenye kisukari aangalie nyayo zake kila siku, hata kwa kioo kama hawezi kujikunja, asitembee peku, asisugue mwenyewe wala kujitia dawa za kuchoma sugu. Na kama ukavu umeenea unyayo mzima kama unga mweupe, na vidoleni kunawasha, hiyo huenda ni fangasi, unaweza kupaka Vaseline mwaka mzima isiondoke, yataka krimu ya fangasi yenyewe. Ufa unaotoa damu, usaha, au mguu kuwa na moto, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Mamangu tulimpima sukari ikawa sawa, alhamdulillahi. Zile nyufa ndogo zilifunga wiki ya pili, ule mkubwa wa mguu wa kulia ulichukua karibu mwezi na nusu, na mpaka leo kaskazi ikiingia mkebe wa Vaseline unahama kutoka kabatini unakuja kukaa kando ya mswala wake.