Upunguze ugali wa muhogo au tui la nazi?

Kuacha ugali ni kupunguza wanga; kuacha tui ni kupunguza mafuta. Wiki mbili za kwanza baada ya kuacha ugali, mizani hufurahisha. Mtu anashuka kilo mbili, hata tatu, na mtaa mzima unajua. Sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji. Ini na misuli huweka akiba ya wanga iitwayo glikojeni, gramu 400 hadi 500 hivi, na kila gramu hushikilia maji ya takribani gramu 3. Ukikata wanga, akiba inatumika na maji yake unayakojoa. Ukirudia ugali, yanarudi. Ndiyo maana nawasihi wanaopunguza uzito huku kwetu Mtwara na Lindi wasiusifu wala kuulaumu mlo wowote kabla ya miezi 12.

Miezi hiyo ikitimia, ushindi wa mlo wa wanga kidogo dhidi ya ule wa mafuta kidogo huwa umeyeyuka. Mwaka 2018 Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya watu 609 waliofuatwa mwaka mzima. Waliopunguza mafuta walishuka wastani wa kilo 5.3, waliopunguza wanga kilo 6.0, kitakwimu hao wamelingana. Vipimo vya vinasaba na vya insulini (homoni inayoshusha sukari ya damu) navyo havikuweza kubashiri nani angefaidika na mlo upi. Kabla yake, mwaka 2010, Gary Foster na wenzake walifuatilia watu 307 kwa miaka miwili: makundi yote mawili, la wanga kidogo na la mafuta kidogo, yalishuka kilo 11 hivi mwaka wa kwanza, kisha uzito ukapanda, wakabaki wamepungua kilo 7.

Kwangu mimi, funzo kubwa la Stanford limo kwenye sahani. Kundi la wanga kidogo lilianza na lengo la gramu 20 za wanga kwa siku. Mwaka ulipoisha, wastani wao ulikuwa umepanda hadi gramu 130 hivi. Hapo ndipo walipoweza kuishi. Sasa pima unga mkavu wa muhogo gramu 150 uusonge: sahani hiyo moja ina wanga karibu gramu 128, na protini haifiki gramu 4. Yaani wanga wa siku nzima umekwisha kwa mlo mmoja, na njaa itarudi mapema kwa kuwa protini ni kidogo mno.

Kwa hiyo sishauri kuufuta ugali. Anza moja kwa moja na kiwango utakachokiweza mwakani. Mchana songa unga gramu 75 (wanga gramu 64), ule na samaki wa kuchoma au kuchemsha na mboga nyingi. Usiku kula mbaazi zilizoiva gramu 200 bila ugali: wanga gramu 46, protini gramu 14. Ongeza chungwa moja na umekaribia gramu 130 bila kujitesa. Ming'oko (viazi vya porini) na muhogo wa kuchemsha uhesabu kama ugali, si kama mboga.

Wengi wetu hukwama kwenye korosho. Anayeacha wanga huona korosho ni salama, na msimu ukifika zimejaa kila nyumba. Kiganja kimoja, gramu 30 zilizobanguliwa, kina kilokalori 165 na wanga gramu 9. Viganja vinne vya mazungumzo ya jioni ni kilokalori 660, zaidi ya ule ugali wote aliouacha. Anayepunguza mafuta naye huponzwa na tui: kikombe cha tui zito, mililita 200, kina mafuta yasiyopungua gramu 40, nalo limejificha ndani ya kisamvu anachokiita mboga tu. Akiliacha tui lakini akajaza pengo kwa chai ya sukari na maandazi, hajapunguza kitu.

Kwenye damu milo hii hutofautiana kidogo. Wanga kidogo hushusha trigliseridi (aina ya mafuta ya kwenye damu) na kupandisha lehemu nzuri (kolesteroli ya HDL), ila kwa baadhi ya watu lehemu mbaya (LDL) nayo hupanda, hasa mafuta yakiwa ya nazi. Pima kabla ya kuanza, pima tena baada ya miezi mitatu.

Mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza glibenklamaidi (kidonge cha kushusha sukari) asikate wanga kabla daktari hajampangia dozi upya. Dozi ya zamani kwa mlo mpya hushusha sukari ghafla: jasho, kutetemeka, kuzirai.

Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya haja, kabla ya chai, pamoja na kiuno usawa wa kitovu. Uzito ukigoma wiki nne mfululizo, kagua korosho kwanza, kisha tui na mafuta ya kukaangia (kijiko kikubwa ni kilokalori 120), kisha sukari ya chai. Ugali ukague mwisho.