Vipimo viko salama, lakini nahisi nakufa: maswali na majibu kuhusu shambulio la hofu

Nilikuwa kwenye daladala natoka Kariakoo kwenda Mbagala, tumebanana. Ghafla moyo ukaenda mbio, jasho likanitoka, kifua kikabana, vidole vikafa ganzi, nikajua nakufa. Abiria wakanishusha, nikapelekwa hospitali. Presha, sukari, malaria, wingi wa damu, kipimo cha umeme wa moyo, vyote sawa. Nikaambiwa "huna kitu, nenda kapumzike". Wiki iliyofuata hali ikarudi. Nina nini?

Kwa maelezo yako, hili linafanana sana na shambulio la hofu. Ni hofu kali inayopanda ghafla, mara nyingi ikafika kileleni ndani ya dakika kumi, kisha ikashuka yenyewe. Kwa wengi nusu saa haiishi kabla halijapita, ingawa uchovu unaweza kubaki siku nzima. Mbali na uliyoyataja, wapo wanaotetemeka, wanaopata kichefuchefu, wanaohisi koo linakabwa, na wanaoona kila kitu kimekuwa kigeni kana kwamba wako ndotoni. Wengi huogopa kwamba wanakufa au wanaingia wazimu.

Kuambiwa "huna kitu" ni nusu ya jibu. Moyo wako ni mzima, sawa, lakini umeteseka, na kilichokutesa kinajulikana na kina tiba. Mtu asipoelezwa hivyo huhangaika hospitali hii na ile, anamaliza akiba kupima moyo uleule, na kila majibu mazuri yanamwongezea wasiwasi kwamba ugonjwa wake umejificha.

Kama moyo ni mzima, mbona kifua kinauma kweli?

Kwa sababu ni kweli kinauma. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotoa homoni iitwayo adrenalini. Ubongo ukihisi hatari, tezi hizo humwaga homoni hiyo kwenye damu: moyo unapiga haraka ili kupeleka damu kwenye misuli, pumzi zinaongezeka, jasho linatoka, tumbo linapunguza kazi ya kusaga chakula. Ungekutana na nyoka shambani, mabadiliko hayo yangekusaidia kukimbia, wala usingeyashangaa. Kwenye daladala hakuna nyoka, ndiyo maana unatafuta hatari ndani ya mwili wako.

Ganzi nayo ina sababu yake. Ukihema haraka haraka unatoa hewa ukaa nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza. Ikipungua kwenye damu, mishipa ya damu ya ubongo hubana kidogo na unapata kizunguzungu, midomo na vidole vinachomachoma, na wengine vidole vya mikono hukakamaa vikajikunja. Hapo ndugu hupiga kelele kwamba ni kifafa au kiharusi. Pumzi zikitulia, vidole vinakunjuka vyenyewe.

Mwaka 1986 mwanasaikolojia David Clark wa Uingereza alieleza kwa nini hali hii hukua haraka namna hiyo: ni tafsiri tunayoipa dalili. Moyo unadunda, unasema "huu ni mshtuko wa moyo", tamko hilo linaleta adrenalini nyingine, moyo unazidi kudunda. Ndiyo maana kinachoanzisha kinaweza kuwa kidogo sana, kama joto la garini, njaa, kukosa usingizi au kupanda ngazi.

Nitatofautishaje na mshtuko wa moyo?

Mara ya kwanza usijaribu kutofautisha peke yako. Nenda hospitali. Nenda pia, hata kama umeshazoea mashambulio, endapo maumivu ya kifua ni mazito na hayaondoki, yanasambaa kwenye mkono, taya au mgongo, au yanaanza unapofanya kazi nzito na kupoa ukipumzika. Mwenye kisukari, shinikizo la juu la damu au anayevuta sigara asikawie. Mwanamke aliyejifungua karibuni, au mtu yeyote aliyevimba mguu mmoja, akikosa pumzi ghafla awahishwe, maana huenda ni damu iliyoganda na kukimbilia kwenye mapafu.

Omba pia daktari aangalie upungufu wa damu na tezi ya shingoni, kwani tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi huleta moyo kwenda mbio na kutetemeka vilevile.

Naweza kuzimia njiani?

Ni nadra. Mtu huzimia presha inaposhuka, na katika shambulio la hofu kwa kawaida presha hupanda. Hisia ya kuzimia ipo, lakini miguu hiyo inayolegea mara nyingi inakufikisha.

Likinianza, nifanye nini?

Usishindane nalo. Najua ni ushauri mgumu mtu akiwa anaamini anakufa, ila kulisukuma kwa nguvu ndiko kunakolirefusha. Jiambie kwa maneno yako, hata kwa sauti: "Hili nalijua, limeshanijia, litapita." Kaa au simama hapohapo. Vuta pumzi taratibu kwa pua huku ukihesabu moja hadi nne bila kujaza kifua hadi juu, kisha itoe polepole zaidi, hadi sita. Watu wengi hukosea hapa kwa kuvuta pumzi kubwa kubwa, na hizo ndizo zinazoongeza ganzi. Shusha mabega. Kisha yape macho kazi: soma maandishi ya gari la mbele, hesabu madirisha, shika chuma cha kiti usikie ubaridi wake.

Kupumulia kwenye mfuko wa karatasi au nailoni acha kabisa. Kama kumbe ni pumu au moyo, mfuko unaweza kukuua.

Usiku naamka nikihema na kutweta. Ni jinamizi?

Kwenye jinamizi unaamka akili lakini mwili haujongei, unataka kupiga kelele sauti haitoki. Ukiwa unaruka kitandani na kukimbilia dirishani kutafuta hewa, hilo lina sura ya shambulio la hofu, ambalo huweza kumtoa mtu usingizini bila ndoto yoyote. Mwambie daktari kama unakoroma sana au una pumu.

Tangu siku ile sipandi daladala, na msikitini nasali karibu na mlango. Nakosea?

Hukosei kuogopa, lakini hapa ndipo ugonjwa unapojenga nyumba. Leo daladala, kesho sokoni, mwisho mtu hatoki bila kusindikizwa. Kila ukishuka njiani unapata nafuu, na ubongo unajifunza kwamba umepona kwa sababu umeshuka. Haupati nafasi ya kuona kwamba ungebaki, hofu ingepanda, ikafika mwisho wake, ikashuka.

Rudi kwa hatua. Kaa kituoni bila kupanda. Siku nyingine panda kituo kimoja saa gari likiwa tupu. Rudia hadi ikuchoshe, ndipo uongeze. Wataalamu wa tiba ya mazungumzo huenda mbele zaidi: ndani ya chumba cha ushauri wanaweza kukuambia uheme haraka kwa dakika moja, kizunguzungu na ganzi vije makusudi, ushuhudie vinavyoondoka. (Zoezi hili lifanywe na mtaalamu, hasa ukiwa mjamzito, una pumu, kifafa au ugonjwa wa moyo.) Kwa maoni yangu hakuna maelezo ya daktari yanayoweza kuzidi kuona jambo hilo kwenye mwili wako mwenyewe.

Nyumbani wanasema ni majini.

Usigombane nao. Sala na dua zinawatuliza wengi, endelea nazo. Ninachopinga ni kufungiwa, kupigwa, kufukizwa moshi wakati pumzi haitoshi, na kuachishwa dawa. Ibada na kliniki vinaweza kwenda pamoja.

Dawa zipo?

Zipo. Zinazotumika zaidi ni za jamii ya fluoksetini na setralini. Hazilevyi, lakini huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, na siku za mwanzo wasiwasi unaweza kuongezeka kidogo. Wengi huziacha hapo, kwa hasara yao. Usiziache ghafla bila kumuuliza daktari. Diazepamu hutuliza upesi, lakini mwili huizoea, kwa hiyo usiinunue duka la dawa kwa mazoea. Propranololi, dawa ya kupunguza mapigo ya moyo, ni hatari kwa mwenye pumu.

Pima pia unachokunywa na kutafuna. Mirungi, kahawa nyingi na vinywaji vya kuongeza nguvu huupeleka moyo mbio, na pombe inayotuliza jioni huleta wasiwasi asubuhi yake. Na usiogope kliniki ya afya ya akili, iwe Muhimbili, Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi au hospitali ya rufaa ya mkoa wako. Kama umefika hatua ya kuona heri ufe, nenda leo, na umwambie mtu wa karibu asikuache peke yako.

Mke wangu ndiye anayepatwa. Nimsaidieje?

Zungumza polepole na kwa sentensi fupi: "Niko hapa. Pumua na mimi." Usimwambie aache uoga, wala usiruhusu watu wamzunguke na kumpepea kumi kwa wakati mmoja. Pumua naye, wewe ukitoa pumzi kwa muda mrefu ili akufuate. Akitulia mpe maji, mwache apumzike kidogo hapohapo mlipo. Kama mlikuwa mnakwenda harusini na anaona anaweza, endeleeni na safari, hata kama mtafika mmechelewa na kukaa nusu saa tu.