Unatunza Familia ya Askari Aliyetumwa Nje? Omba Ruhusa Kabla ya Kuondoka Kazini

Malalamiko ya aina moja yamezidi kuletwa mezani petu hapa ofisi ya leba, hasa kutoka Lanet na Gilgil, penye kambi za jeshi, na kwenye mashamba ya maua ya Naivasha. Mwanajeshi ametumwa Somalia, huku nyuma mtoto analazwa. Dada yake au shemeji anaacha kazi na kukimbia kuwashika mkono. Akirudi baada ya siku nne, anakuta barua ya kufutwa.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 haina likizo ya kutunza familia ya askari aliyetumwa nje. Ile habari ya likizo ya wiki 12 inayosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ni ya Marekani. Huko, mume, mke, mtoto au mzazi wa mwanajeshi aliyetumwa nje anaweza kupewa wiki hizo akitimiza masharti, tena bila mshahara. Haimhusu mfanyakazi wa Nakuru. Tafadhali msiipeleke kwa waajiri.

Ulicho nacho ni likizo ya mwaka ya siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili, kila unapotimiza miezi 12 (kifungu cha 28). Mkikubaliana na mwajiri, zinaweza kugawanywa. Soma pia mkataba wa chama chenu cha wafanyakazi, kwani mingine huongeza siku za dharura za kifamilia. Likizo ya ugonjwa ya kifungu cha 30 ni ya kwako unapougua wewe, si ya mtoto wa kaka yako. Anayetafuta cheti cha daktari cha uongo anajichimbia kaburi.

Ujumbe wa simu wa alfajiri, "Bosi, nina dharura nyumbani", si kibali. Andika barua: jina, namba yako ya kazi, unayekwenda kumtunza, tarehe ya kuondoka na ya kurudi, siku za likizo zilizobaki. Toa nakala mbili, msimamizi atie sahihi na tarehe kwenye yako, kisha usubiri jibu. Kifungu cha 44 kinahesabu kutokuwepo kazini bila ruhusa wala sababu halali kuwa kosa kubwa, na mtu anaweza kufutwa papo hapo.

Waajiri nao wasifikiri hapo ndipo mwisho. Kifungu cha 41 kinataka mfanyakazi aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa, mwenzake au mwakilishi wa chama akiwepo, naye asikizwe. Barua iliyoachwa kwa mlinzi wa lango haitoshi. Na kwa kifungu cha 46, kuomba au kwenda likizo unayostahili si sababu ya kukufuta. Mwajiri akishindwa mahakamani, fidia inaweza kufika mshahara wa miezi 12.

Kesi hufunguliwa ndani ya miaka 3. Ukija ofisi ya leba, beba mkataba, hati za mshahara na ile nakala yenye sahihi. Bila nakala hiyo, wewe utasema uliomba, naye msimamizi atasema hukuomba.