Kutoka Mwanza hadi ngazi za juu za jeshi la majini

Vijana wengi wa Kirumba na Igombe, waliokua wakiona maji kila siku, hudhani jeshi la majini ni la watu wa Tanga na Unguja. Sivyo. Kamandi ya Wanamaji ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), yenye makao makuu Kigamboni, inahusika na maziwa pia.

Safari huanzia nchi kavu. Maafisa wengi hupitia Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi, Monduli, mlimani kabisa, kisha Rais akiwa Amiri Jeshi Mkuu huwapa kamisheni, yaani idhini rasmi ya kuwa afisa. Ubaharia hufuata: ramani za majini, dira, rada, na zamu za usiku.

Zamu ndizo zinazomkomaza afisa. Kamanda amelala, meli nzima iko mikononi mwa luteni wa miaka ishirini na kitu. Na asilidharau Ziwa Victoria kwa kuwa kina chake kirefu kabisa ni kama mita 80 tu na halina kupwa na kujaa. Dhoruba zake hupenda kupiga usiku na alfajiri, miamba ya Mwanza mingine imejificha chini ya maji, na gugu maji huziba matundu yanayovuta maji ya kupoza injini. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Septemba 2018, walikufa watu zaidi ya 220. Hata hivyo wazamiaji walimtoa fundi mitambo akiwa hai siku mbili baadaye. Kazi ya namna hiyo haisomwi darasani peke yake.

Vyeo huwachanganya raia. Kapteni wa nchi kavu ana nyota tatu, lakini Kapteni wa majini ni sawa na Kanali. Chini yake yupo Kamanda, kisha Luteni Kamanda; juu yake Komodoo, halafu Rea Admirali aliye sawa na Meja Jenerali. Huko juu kuna shule nyingine: chuo cha ukamanda Duluti, kisha Chuo cha Taifa cha Ulinzi, Kunduchi. Wapenda bahari huumia hapo, maana kadiri unavyopanda ndivyo meli inavyokuwa mafaili ya mafuta, vipuri na bajeti. Jirani zetu Kenya walimpata Mkuu wa Majeshi kutoka majini, Samson Mwathethe, mwaka 2015.

Kwa anayeanza: shika hisabati na fizikia, jifunze kuogelea. Nafasi hutangazwa na jeshi lenyewe. Anayekuomba pesa ili akuingize ni tapeli, mripoti polisi.