Pete ya karati 15 na herufi moja isiyotosha

Watu wakiniletea pete ya zamani ya Kiingereza, wengi huanza na ile herufi ya mwaka, moja ya chapa ndogo zilizopigwa ndani yake. Wameshaipiga picha kwa simu, wameilinganisha na jedwali la mtandaoni, na mwaka wameshaujua. Mimi herufi huisoma mwisho.

Chukua pete iliyofika mezani kwangu hivi karibuni. Ndani yake kuna herufi mbili za mtengenezaji, halafu 15, halafu .625, kisha nanga, na mwisho k ndogo. Mwenyewe alikuwa na hakika ni ya mwaka 1925. Hakubuni: k ndogo ya London kweli ni ya 1925. Lakini nanga si ya London, ni ya ofisi ya upimaji ya Birmingham, yaani ofisi inayopima dhahabu na kuipiga chapa, na kila ofisi ilikuwa na mzunguko wake wa herufi, herufi moja kwa mwaka. Birmingham k ndogo ni ya 1909. Na ukiongeza kwamba tangu 1975 ofisi zote za Uingereza zinatumia herufi zilezile, k ndogo ikawa tena ya 2009. Herufi moja, miaka mitatu, na kati ya wa kwanza na wa mwisho imepita karne nzima.

Ndiyo maana naanza na namba. Karati 15 maana yake sehemu 15 za dhahabu katika 24, yaani 625 kwa elfu. Waingereza waliruhusu karati 15, 12 na 9 mwaka 1854. Mwaka 1932 wakaziondoa 15 na 12, wakaweka 14 mahali pake. Kwa hiyo kabla hata ya kushika lenzi kubwa, pete hii imeshajifunga kati ya 1854 na 1932, na 2009 imeondoka yenyewe. Nanga ikaondoa London. Hapo ndipo k ikazungumza: 1909, au miezi ya mwanzo ya 1910, kwa sababu zamani herufi haikubadilishwa Januari, ilibadilishwa katikati ya mwaka.

Alama nyingine hutoa mipaka ya namna hiyo. Kichwa cha mfalme au malkia kilipigwa kuonyesha ushuru umelipwa, kuanzia 1784 hadi 1890; ukikiona, mara nyingi pete ni ya kabla ya karne ya 20. Chester walifunga ofisi yao ya upimaji 1962, Glasgow 1964, kwa hiyo chapa zao haziwezi kuwa za baada ya hapo. Namba 375, 750 na 916 (karati 9, 18 na 22) bila nukta mbele ni za mtindo wa sasa, ila 916 isikudanganye: dhahabu ya India na ya Dubai inayouzwa huku kwetu nayo ina 916, na namba hiyo peke yake haikuambii imetoka wapi. Dhahabu ya Ufaransa ya karati 18 ina kichwa cha tai, tangu 1838, kidogo sana, ukikitafuta kwa haraka utakikosa.

Tahadhari moja naisisitiza kwa kila mteja: chapa inashuhudia kipande ilichopigwa, si kitu kizima. Mkufu hukatika, sonara akafunga kifungo cha mkufu mwingine, na chapa ya 18 ikabaki kwenye kifungo huku mkufu wenyewe ni karati 9. Nimeona pia pete iliyopunguzwa, nusu ya alama ikakatwa na msumeno. Soma chapa, kisha pima mwili wa pambo kwa jiwe la kupimia dhahabu na asidi, kila sehemu peke yake.

Na tafadhali usiing'arishe kabla ya kuileta. Kung'arisha kunakula chapa, na chapa iliyofutika hairudi. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini vinatosha. Ikiwa alama zimechakaa, pitisha pete juu ya moshi wa mshumaa mpaka ndani kuwe na masizi mepesi, iache ipoe, bandika selotepu safi, uitoe uibandike kwenye karatasi nyeupe. Mara nyingi alama ambayo macho yaliishindwa huonekana pale kwenye karatasi. Pete ya Birmingham niliisoma hivyo hivyo: nanga ilikuwa imebaki kijiti na ncha moja tu ya ndoana.