Kufundisha Lugha kwa Kujitegemea Japani: Anza na Karatasi, Wanafunzi Baadaye

Mkenya anayesoma Osaka, Mtanzania aliyeolewa Saitama, Mganda mwenye kazi ya kompyuta Yokohama: jirani Mjapani akishajua kwamba wanazungumza Kiingereza, hawakosi kuulizwa kama wanaweza kumfundisha mtoto wake, au yeye mwenyewe, kwa malipo. Wengi hukubali papo hapo, na hali ya maisha ikiwa ngumu mtu huwezi kumlaumu. Sisi tunaowashauri wakazi wa kigeni tunaomba jambo moja tu kabla ya kukubali: toa kadi yako ya ukaazi, isome mbele na nyuma.

Mbele imeandikwa hadhi yako ya ukaazi. Ukiwa mkazi wa kudumu, mkazi wa muda mrefu au mwenzi wa Mjapani, sheria ya uhamiaji haikubani: fundisha umtakaye, saa uzitakazo. Mwanafunzi na aliyekuja kama tegemezi wa familia hawana uhuru huo. Hawa hawaruhusiwi kazi ya malipo mpaka uhamiaji utoe kibali, na kibali cha kawaida, kinachogongwa muhuri nyuma ya kadi, ni cha saa 28 kwa wiki. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Kibali hicho kimewekwa kwa ajili ya vibarua vya kuajiriwa, ambavyo saa zake mwajiri anaweza kuzithibitisha. Kufundisha wanafunzi wako mwenyewe na kupokea ada mkononi ni kazi ya kujitegemea, nayo huombewa kibali chake mahususi, ukieleza unamfundisha nani, wapi, saa ngapi na kwa malipo gani. Mtu anaweza kuwa na muhuri halali nyuma ya kadi na bado akawa anafanya kazi bila ruhusa. Adhabu yake yaweza kufika hadi kunyimwa viza mpya au kuondolewa nchini, kwa hiyo usitegemee neno la rafiki kwamba "hakuna anayeangalia". Ikiwa unasoma kwa ufadhili, soma pia masharti ya mfadhili wako, kwa kuwa yanaweza kuwa makali kuliko ya uhamiaji.

Wenye hadhi ya kazi za kitaalamu, ile inayofupishwa kuwa gijinkoku, wana mtego wao. Kufundisha lugha ni miongoni mwa kazi zinazoruhusiwa humo, ila hadhi yenyewe imesimama juu ya mkataba na taasisi iliyoko Japani, iwe shule, kampuni au idara ya serikali. Mama wa Kijapani anayekulipa kila Jumamosi si taasisi. Ukiacha kazi kwa matumaini ya kuishi kwa wanafunzi binafsi peke yao, siku ya kuongeza viza utakosa mkataba wa kuonyesha, hata kama kipato chako ni kizuri. Walimu wa kujitegemea waliodumu kwa hadhi hii wana angalau mkataba mmoja na shule au kampuni, na wenye busara wana miwili au mitatu, kisha wanafunzi binafsi wanakuwa nyongeza. Taasisi unayofanya nayo mkataba ikibadilika, uhamiaji hutaka kujulishwa ndani ya siku 14.

Walimu wa shule za umma wenye hadhi ya kyoiku nao wanahitaji kibali cha uhamiaji kwa kazi ya pembeni, pamoja na ridhaa ya mwajiri. Wanaotamani kuingia huko wajue mapema kigezo kinachowagusa sana Watanzania: mwalimu wa lugha ya kigeni asiye na leseni ya ualimu ya Japani hutakiwa kuwa amesoma kwa lugha hiyo kwa miaka 12 au zaidi. Aliyesoma msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari miaka sita na chuo miaka mitatu kwa Kiingereza, anafikisha miaka tisa tu. Mkenya au Mganda kwa kawaida hana tatizo hilo, lakini naye aombe shule alizosoma barua inayotaja lugha ya kufundishia, na aiombe kabla hajaondoka nyumbani. Kuifuatilia ukiwa Hiroshima ni kazi ya miezi.

Ada, na sheria ambayo wengi hawajaisikia

Kwa somo la mtu mmoja, bei iliyozoeleka ni kati ya yeni 2,000 na 5,000 kwa saa, na 3,000 ndiyo bei ya katikati ambayo haimshtui mtu. Usianze na 1,500 ili kupata wanafunzi haraka. Kupandisha ada kwa mwanafunzi uliyenaye ni jambo gumu sana Japani. Wengi hawatabishana nawe, wataaga kwa adabu na hutawaona tena. Nauli ya treni itaje mbali na ada tangu mwanzo, maana ukisafiri dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi kwa somo la saa moja, saa yako moja imekuwa mbili na zaidi.

Mazoea ya huko yanakusaidia. Wazazi wamezoea ada ya mwezi inayolipwa mapema, iitwayo gessha, mara nyingi ndani ya bahasha maalumu ambayo mwalimu hugonga muhuri au kutia saini kila mwezi. Itumie. Mwanafunzi anayelipa masomo manne mwanzoni mwa mwezi huja masomo manne. Anayelipa kila akija atakuwa na mafua, mvua, mitihani na wageni. Andika pia kanuni ya kuahirisha: akitoa taarifa saa 24 kabla mnapanga siku nyingine, akichelewa kuitoa somo limehesabiwa. Iandike kwa Kijapani rahisi, ukurasa mmoja, na kila upande ubaki na nakala.

Ila usivuke kutoka mwezi kwenda nusu mwaka bila kuijua sheria ya miamala maalumu ya biashara. Mkataba wa kufundisha lugha unaozidi miezi miwili na kuzidi yeni 50,000 unaingia kwenye kundi linalolindwa. Unatakiwa kumpa mwanafunzi maelezo kamili kwa maandishi, na kuanzia siku anapoyapokea ana siku 8 za kujitoa bila kutoa sababu wala kulipa fidia. Usipompa maandishi, siku hizo 8 hazianzi kuhesabiwa, maana yake anaweza kukurudia baadaye na kudai fedha zake zote. Hata siku hizo zikipita ana haki ya kuvunja mkataba katikati. Kwa shule ya lugha, ukishaanza kumfundisha, fidia unayoweza kumtoza haizidi yeni 50,000 au asilimia 20 ya thamani ya masomo yaliyobaki, kiwango kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Sheria haimwachi mwalimu kwa sababu ni mmoja na hana ofisi.

Woga wa kulipa mbele nao una chanzo. Oktoba 2007 kampuni ya Nova, iliyokuwa mtandao mkubwa kuliko yote wa shule za mazungumzo ya Kiingereza nchini Japani, ilianguka. Wanafunzi waliokuwa wamelipia masomo mengi mbele walipoteza fedha zao, na maelfu ya walimu wa kigeni wakabaki na mishahara isiyolipwa, wengine wakiwa kwenye nyumba walizopangishiwa na mwajiri huyo huyo. Miaka mitatu baadaye Geos nayo ikafuata. Mjapani wa makamo anayesita ukimwambia alipe miezi sita mbele anakumbuka hayo. Mwezi kwa mwezi unamtosha yeye na unakulinda wewe.

Unapofanya kazi na kampuni au shule kwa mkataba wa kujitegemea, una ngao nyingine, ya upande wako safari hii. Sheria ya kuwalinda wafanyakazi wa kujitegemea ilianza kutumika tarehe 1 Novemba 2024. Anayekupa kazi lazima akuandikie kazi yenyewe, malipo na tarehe ya kulipa. Malipo hayo, kwa kanuni ya jumla, yasizidi siku 60 tangu umalize kazi. Kama mkataba umedumu miezi sita au zaidi, asiuvunje bila kukupa taarifa ya siku 30. Anayecheleweshewa malipo aite Freelance Trouble 110, huduma ya ushauri wa mawakili isiyo na malipo. Wanafunzi binafsi hawaguswi na sheria hii, na ndiyo sababu ule ukurasa mmoja ni muhimu.

Wanatafuta nini kwako

Kiingereza kimekuwa somo rasmi darasa la tano na la sita la shule ya msingi tangu Aprili 2020, na mtihani wa pamoja wa kuingia vyuo vikuu, ulioanza Januari 2021, unaipa sehemu ya kusikiliza alama 100 sawa na ya kusoma. Mzazi akikuletea mtoto, mara nyingi nyuma yake kuna mtihani wa Eiken, wenye ngazi kuanzia ya 5 hadi ya 1. Mfanyakazi wa ofisini ana TOEIC, mtihani wa Kiingereza ambao alama yake ya juu kabisa ni 990, nayo mwajiri wake huitazama anapofikiria kumpandisha cheo. Nunua vitabu vya mitihani ya nyuma uvipitie mwenyewe kabla ya somo la kwanza. Anayefika akisema "mazungumzo tu" mwulize kwa upole kama ana mtihani. Mara nyingi anao.

Lafudhi ya Nairobi au Arusha si kasoro, lakini utakutana na mzazi anayetaka Mmarekani. Mwache aende. Wapo wanaotafuta mwalimu mvumilivu ambaye naye alijifunza Kiingereza darasani na anajua kinapouma.

Na usisahau Kiswahili. Chuo Kikuu cha Osaka kina shahada ya Kiswahili, redio ya kimataifa ya NHK hutangaza kwa lugha yetu, na vijana wanaojitolea kupitia JICA hujifunza katika vituo vya Komagane na Nihonmatsu kabla ya kupelekwa Tanzania na kwingineko. Nje ya hao wapo watafiti, wenzi wa Waafrika Mashariki na wafanyabiashara ambao hawana darasa la kwenda. Soko ni dogo, lakini hushindani na maelfu, na mwanafunzi wa Kiswahili huwa anakuja kwa mapenzi. Andaa silabasi na mazoezi yako. Kuzungumza lugha tangu utotoni hakukupi jibu la kwa nini tunasema "kitabu chake" na si "kitabu yake".

Kuhusu watoto nina msimamo mkali. Fundisha mahali mzazi anapoweza kuona au kusikia, mlango ukiwa wazi, na usibadilishane ujumbe wa siri na mtoto. Juni 2024 Japani ilipitisha sheria ya kuhakiki rekodi za makosa ya ngono kwa wanaofanya kazi na watoto, na wazazi wanalifuatilia jambo hili. Utaratibu huu unamlinda mtoto kwanza, kisha unakulinda wewe.

Kodi, bima na pensheni

Mwaka wa kodi ni Januari hadi Desemba, na tamko lake, kakutei shinkoku, hupelekwa ofisi ya kodi kati ya tarehe 16 Februari na 15 Machi. Mwajiriwa ambaye faida yake ya pembeni haizidi yeni 200,000 kwa kawaida hahitaji kulipeleka, lakini bado anapaswa kuitangaza kwa manispaa kwa ajili ya kodi ya ukazi. Nusu hii ya pili wengi hawaijui. Kampuni ikikulipa ada ya kufundisha itakata asilimia 10.21 kabla ya kukupa, na kama kodi yako halisi ni ndogo, sehemu inarudi ukipeleka tamko. Tunza risiti za nauli, vitabu na ukumbi.

Mwaka wa pili ndio unaoumiza. Kodi ya ukazi na mchango wa bima ya afya ya taifa hupigwa kwa kipato cha mwaka uliopita, na barua huanza kufika mnamo Juni. Weka kando sehemu ya kila ada kwenye akaunti ambayo huigusi.

Pensheni ya taifa ni lazima kwa kila mkazi wa miaka 20 hadi 59. Mwaka wa fedha 2025 ilikuwa yeni 17,510 kwa mwezi. Ikikushinda usikae kimya: omba msamaha au ahirisho kwenye ofisi ya manispaa, wanafunzi wana utaratibu wao. Deni lisiloelezwa litakurudia siku ya kuomba ukazi wa kudumu, kwani uhamiaji hukagua kama ulilipa kwa wakati. Na ukiondoka Japani moja kwa moja kabla ya kufikisha miaka 10 ya michango, ukiwa umelipa angalau miezi 6, unaweza kudai mkupuo wa kurejeshewa sehemu ya fedha. Dai hilo lipelekwe ndani ya miaka 2, nalo hufuta miezi yote uliyochangia. Kabla ya kuondoka, toa taarifa ya kuhama kwenye manispaa, chukua fomu, na safiri na namba yako ya pensheni pamoja na akaunti ya benki yenye jina kama lilivyo kwenye pasipoti.